Gari Lililomtii Mke Wangu

Nina wivu. Nasema mapema ili msomaji asingoje nijitetee. Wengine wana sukari, wengine wana presha, mimi nina wivu, na nimeuzoea tangu utoto. Kaka yangu akinunuliwa shati jipya, langu lilikuwa linachakaa papo hapo. Sasa nina mvi, nina kazi ya ofisi yenye mhuri, nina mke na watoto watatu, na bado mtu akisifiwa mbele yangu nahisi kama nimeibiwa.

Gari lenyewe nililinunua kwa wivu. Mwenzangu wa ofisini, ambaye meza yake inatazamana na yangu, alikuja Jumatatu moja na jeep nyeupe. Mlinzi wa lango, ambaye miaka yote alitusalimia sote wawili kwa kuinua kidole, siku hiyo alifungua lango zima akasimama wima. Nilimpongeza mwenzangu kwa maneno mengi. Nilizunguka jeep yake nikipapasa matairi na kusema "félicitations, félicitations", huku moyoni naomba ipate pancha kabla ya saa sita. Haikupata.

Basi nikasikia kwamba kule Kasha, pembeni mwa mji wetu wa Bukavu, kuna mfanyabiashara wa dhahabu anauza gari la michezo. Alikuwa ananunua dhahabu kwenye machimbo ya Luhwindja, na mambo yalipomnyookea aliona picha ya gari kwenye simu, akaliagiza kutoka Japani. Likaja kwa meli mpaka Dar es Salaam, likapakiwa kwenye lori mpaka kwetu. Nililikuta uani kwake limefunikwa turubai, kuku wamekaa juu ya boneti. Lilikuwa jekundu na la chini sana, lenye milango miwili mikubwa ya mbele na miwili midogo ya nyuma inayofunguka kinyume. Usukani ulikuwa kulia, ingawa sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara na dereva anatakiwa kukaa kushoto. Hilo halikunisumbua, nusu ya magari ya Bukavu yako hivyo.

"Papa, sitakudanganya," yule mfanyabiashara aliniambia. "Hii gari iko mugonjwa. Inakunywaka huile kila juma, na asubuhi ingine inakataa kuwaka, munaisukuma mpaka jasho. Batu ya hapa banaanza kunicheka." Huile aliyoitaja ni mafuta ya injini.

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi niliangalia wekundu ule nikawaza uso wa mwenzangu wa ofisini siku nitakapoegesha kando ya jeep yake. Tukapatana siku hiyo hiyo.

Fundi wangu, mzee wa Bagira ambaye amefungua injini tangu ujana wake, alikuja Jumamosi iliyofuata. Alifungua boneti, akainama, akatafuta, akainuka.

"Pistons iko wapi?"

Sikujua. Alizunguka akachungulia kwa upande wa pili, kana kwamba pistoni zingeweza kuwa zimejificha. Kisha akafunga boneti taratibu na kupiga ishara ya msalaba. "Papa, bakuuzia sanduku," alisema.

Mke wangu alikuwa anatuletea chai na sambusa. Yeye ni mwalimu wa kemia kwenye shule moja ya wasichana, na ana tabia ya kutokubali kwamba kitu hakieleweki. Aliweka sahani chini, akatoa simu, akasoma muda mrefu akiwa amesimama pale pale, chai inapoa. Halafu akamwambia fundi kwamba injini hii haina pistoni kabisa. Ndani yake kuna kitu cha pembe tatu kinachozunguka. Fundi alikunja uso. Mke wangu akachukua sambusa moja, akaiweka ndani ya bakuli la sukari lililokuwa tupu, akaizungusha kwa kidole ili pembe zake zisugue ukuta wa bakuli.

"Unaona hizi pembe? Kila moja iko na kachuma kembamba kwa ncha. Kale kachuma kanasugua ukuta. Bila huile kanaisha. Njo maana moteur inachukuwa huile kidogo kidogo, inaichoma. Si ugonjwa, iliumbwa vile."

Fundi alitazama bakuli, akatikisa kichwa, akala ile sambusa. "Maman, weye njo ingénieur," alisema.

Nilicheka pamoja nao. Lakini nililisikia lile neno, mhandisi, na lilinikaa kooni wiki nzima. Mimi ndiye niliyenunua gari, na hakuna aliyeniita chochote.

Mke wangu alisoma pia jambo la pili, akaliandika kwenye karatasi na kulibandika karibu na usukani: usiizime ikiwa baridi. Sababu yake ilikuwa hii. Injini ile ikiwashwa asubuhi inajimwagia petroli nyingi ili ipate joto haraka. Ukiizima kabla haijapata joto, petroli yote inabaki ndani, inalowesha plagi, na hapo haiwaki tena. Mafundi wetu husema "imenoyé", yaani imezama, imekufa maji kwa petroli yake yenyewe. Kwa hiyo hata kama unaisogeza hatua mbili tu, ukishaiwasha ni lazima ungoje. Ugonjwa wote aliouona yule mtu wa dhahabu ulikuwa huo.

Sasa, Bukavu ni vilima. Anayeishi hapa anapanda au anateremka, na dereva wa Bukavu akifika juu ya mteremko mkono wake unajua la kufanya. Anazima injini na kuacha gari lishuke lenyewe kwa uzito wake ili kuokoa petroli. Tunaita roue libre. Marehemu baba yangu, aliyekuwa dereva wa parokia, alinifundisha roue libre kabla ya kunifundisha gia. Mke wangu alijifunza kuendesha akiwa mtu mzima, kwa mwalimu mwenye kijitabu, na hakuwa na mazoea yoyote ya kuacha. Karatasi ilisema ngoja, naye akangoja. Mimi karatasi ile ilinichukiza kila nilipoiona. Sikutaka gari langu linifundishe kuendesha kwa mwandiko wa mke wangu.

Matokeo yake kila mtu aliyaona. Likiwa naye liliwaka mara ya kwanza. Likiwa nami, mara mbili kwa juma moja lilinoyé kwenye mteremko wa nyumbani kwetu, majirani wakatoka kunisukuma, na mmoja wao akauliza kwa upole kama Maman hayuko nyumbani. Mwishowe tulikuwa tunakwenda kazini naye akiendesha. Ananishusha ofisini kwangu, anaendelea shuleni kwake.

Hapa lazima nikiri jambo la aibu. Kwa kuwa usukani ulikuwa kulia, mimi abiria nilikuwa nakaa kushoto, mahali ambapo kwa desturi yetu anakaa dereva. Mtu akiwa mbali, au akitazama haraka, alidhani ninayeendesha ni mimi. Nililigundua hilo siku polisi wa roulage, yaani wa barabarani, alipotusimamisha, akaja upande wangu na kuomba karatasi za gari. Tangu hapo nikawa nakaa nimenyooka, mikono nimeiinua kidogo juu ya magoti kana kwamba nimeshika usukani, na tukifika kona nilikuwa nainama kidogo nayo. Mke wangu aliona. Siku moja tukiwa kwenye barabara ya Kavumu, ambako lami ni nzuri na gari lile linaweza kukimbia mpaka likohoe maradhi yake yote, aliniuliza kama nimechoka kuendesha, anipokee. Tulicheka sana, mimi na yeye. Yeye alicheka kwa furaha, mimi nilicheka kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Watu wa pikipiki za teksi waliokuwa wanangoja abiria kwenye njia panda yetu walimpa jina, Maman Fusée, yaani Mama Roketi. Akipita walipiga honi. Fundi naye akija Jumamosi kuangalia mafuta ya injini alinikuta mlangoni.

"Maman iko?"

"Mimi njo mwenye gari," nilimjibu.

"Njo, papa. Maman iko?"

Walikuwa wanainama pamoja chini ya boneti saa nzima, wakisikiliza. Sikuogopa mambo ya mwanamume na mwanamke, mzee yule ana wajukuu wakubwa. Nilichokionea wivu kilikuwa kule kusikiliza. Walikuwa wananyamaza wote wawili, mke wangu anainua kidole, fundi anaitikia kwa kichwa, na mimi niliyesimama nyuma yao nilikuwa nasikia ngurumo tu. Miaka kumi na minane ya ndoa, na sikuwahi kumwona akinisikiliza mimi hivyo. Labda sikuwahi kunguruma kitu cha maana.

Halafu mdogo wangu wa kike akapata mchumba. Siku ya ndoa ikapangwa, kanisa likapangwa, na likabaki suala la msafara wa magari, ambao kwetu ni nusu ya ndoa. Watu wanasahau mahubiri lakini hawasahau gari lililomleta bibi harusi. Alasiri moja mdogo wangu alikuja nyumbani. Mimi nilikuwa sebuleni nimevaa miwani, nasoma. Alinisalimia, akapita, akaenda moja kwa moja jikoni. Nikamsikia anamwambia mke wangu, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa, "Yaya, nakuomba. Ni weye utanifikisha kanisani na ile gari nyekundu. Sitaki mwingine."

Mke wangu alimwambia aje aniombe mimi. Mdogo wangu akajibu, "Yeye? Yeye atainoyer kwa mulango ya kanisa." Wakacheka. Alipokuja kuniomba nilisema ndiyo, bila shaka, kwa furaha yote. Dada yangu, tumbo moja, gari langu, na dereva mwingine.

Asubuhi ya ndoa mke wangu alikwenda mapema nyumbani kwa mama yangu kumvisha bibi harusi, akaniachia kazi ya kuosha gari na kulipamba. Mpango ulikuwa arudi saa tatu kulichukua. Niliosha kila kitu, mpaka ndani ya milango midogo. Nilifunga utepe mweupe, nikafunga na maua. Ilipofika saa mbili gari lilikuwa linang'aa, na nikawaza kwamba hakuna aliyeniona nikifanya kazi yote hiyo nyuma ya ukuta. Nilitaka tu litoke barabarani, majirani waone ni nani amelitoa. Hilo tu. Sikuwa na nia mbaya, au kama nilikuwa nayo ilikuwa imejificha vizuri.

Niliwasha. Likawaka mara ya kwanza! Nilijisikia kijana. Nililitoa langoni, nikakanyaga kidogo lipige kelele, na jirani wa ng'ambo akatoka na mswaki mdomoni. Nikampungia mkono. Mbele yangu kulikuwa na mteremko wetu mrefu, na chini yake ni pale njia panda ambapo watu wa pikipiki wanakaa. Mkono wangu ukafanya kile ulichofundishwa na baba. Nikarudisha ufunguo, injini ikanyamaza, na nikashuka kwa roue libre, kimya, madirisha wazi, mbele ya mtaa mzima. Ilikuwa dakika moja tamu kuliko zote nilizopata ndani ya gari lile.

Chini nikageuza ufunguo. Likakohoa. Nikageuza tena, likakohoa kidogo zaidi. Harufu ya petroli ikapanda. Nikaendelea kugeuza mpaka betri ikachoka na sauti ikawa ndogo kabisa. Watu wa pikipiki wakakusanyika kusukuma. Tulisukuma kwa juu, tukasukuma kwa chini, utepe ukachafuka tope. Mmoja akasema tumwite Maman.

Alikuja saa tatu kamili nyuma ya pikipiki, nywele zimesukwa, kitambaa cha harusi kiko begani. Nyuma yake zikaja teksi mbili zimejaa familia, kwa maana walikuwa wamekubaliana wote waanze msafara kutoka kwetu. Mama yangu alishuka, wajomba wakashuka, na mdogo wangu akashuka na shela yake nyeupe ameikusanya mikononi isiguse udongo. Mke wangu alikwenda nyuma ya gari. Aliinama kwenye bomba la moshi, akanusa, akainuka. Akagusa boneti kwa kiganja. Ilikuwa baridi.

"Uliiwasha?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana," nilisema. "Nimeishusha tu kwa mkono tuioshe. Nimejaribu sasa hivi, imekataa."

Huo ndio uongo niliousema. Kukausha plagi na kutafuta betri nyingine kungechukua saa nzima na zaidi, na padri hangojei. Mama yangu alikuwa ameshaelewa kwamba gari limekufa, na alikuwa ameshaelewa ni kosa la nani.

"Nilisema tangu zamani," alisema, na hakupunguza sauti. "Gari si kintu ya kupatia muke. Kila siku anaipelekapeleka, Maman Fusée, Maman Fusée. Angalia sasa ameiharibu. Mutoto wangu afike kanisani na miguu?"

Wajomba walitazama chini. Mdogo wangu alianza kulia, na mama mmoja akamkimbilia na kitambaa asiharibu uso. Mke wangu akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayejua jibu, akimngoja anyooshe kidole. Alingoja muda mrefu. Muda ulikuwepo, siwezi kusema haukuwepo. Nilichezea utepe.

"Ni mie, maman," akasema. "Jana magaribi niliizima mbio, ilikuwa ingali baridi. Ni kosa yangu. Mutusamehe."

Mwenzangu wa ofisini alikuwa mmoja wa waalikwa. Alipigiwa simu, akaja na jeep yake nyeupe baada ya dakika kumi, akiwa na furaha ya kusaidia, na mikono yangu hii ndiyo iliyofungua utepe kwenye gari jekundu na kuufunga kwenye jeep. Mdogo wangu akapanda. Walipiga honi mpaka kanisani.

Ukumbini mke wangu aliwekwa meza ya nyuma pamoja na wanaogawa vinywaji. Shangazi zangu walisimulia habari ya gari kwa kila aliyechelewa, na kila mara walimwonyesha kwa kidevu. Aligawa vinywaji, akapiga vigelegele ilipotakiwa, akacheza alipoitwa. Alibeba kosa langu mchana mzima kama mtu anayebeba mtungi aliouzoea. Na mimi, badala ya kuona haya, niliona wivu. Nilimwonea wivu kwa jinsi alivyosimama wima. Nilijua kwamba kama kosa lingekuwa lake na mimi nikaambiwa nilibebe, ningelitupa kabla ya kufika kanisani.

Kesho yake baada ya misa fundi alikuja. Alitoa plagi, zote zilikuwa zimelowa.

"Nani aliizima baridi?"

"Ni mie," mke wangu alisema.

"Maman, weye? Hapana," fundi alisema. Akanitazama mimi, halafu akainama kutafuta bisibisi aliyokuwa ameishika mkononi.

Walizikausha, wakaleta betri, likawaka. Mke wangu alikaa kwenye usukani robo saa nzima likipata joto. Kisha akalizima, akatoka, akanifuata nilipokuwa nimesimama, na kuniwekea ufunguo kwenye mfuko wa shati.

"Shika funguo yako, papa," alisema.

Kabla ya hapo alikuwa ananiita chéri, yaani mpenzi, mara nyingi kwa kunitania, mara nyingine kwa kweli. Papa ni jina analomwita mkubwa wa shule, na muuza makaa, na mgeni yeyote mwenye umri ambaye amekosea nyumba. Nilingoja hali hiyo ipite. Ulipita mwezi, ikapita Krismasi. Anapika, anacheka na watoto, ananiuliza habari za ofisini, na ananiita papa. Hajakaa tena kwenye gari lile, si kulia wala kushoto. Anakwenda shuleni kwa pikipiki, na watu wa njia panda wameacha kumpigia honi kwa kuwa hawajui wampigie honi akiwa amepanda nyuma ya mmoja wao.

Siku hizi nalitunza vizuri. Nangoja lipate joto, naongeza mafuta ya injini kila juma, sishuki kwa roue libre. Linawaka mara ya kwanza. Mlinzi wa ofisi ananifungulia lango zima. Nimepata kila kitu nilichokuwa nakionea wivu.

Jumapili moja sikuweza tena. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea, na mke wangu alikuwa ameketi kando yake anachambua maharage. Mama alianza tena habari ya ndoa ile, kama kawaida yake, kwamba bado watu wanamwuliza. Nikamkatiza. Nilimwambia yote: kwamba niliwasha mimi, nikazima mimi, nikadanganya mimi, na kwamba mkwe wake alijitwika kosa asilolifanya.  Nilipomaliza nilikuwa nimesimama.

Mama alinitazama kwa mapendo ambayo sikuwa nimeyaona tangu nilipopata diploma. Machozi yalimlengalenga. Akamgeukia mke wangu, akampiga kidogo gotini.

"Unasikia? Mpaka leo anakukinga. Anajitia kosa yako juu yake mwenyewe. Bwana wa namna hii batu banamutafuta wapi? Umushukuru."

Mke wangu aliokota punje moja mbovu, akaitupa pembeni.

"Aksanti, papa," alisema, na kuendelea na maharage.